Kijani Kilichokataa Kupanda

Kama kuna mtu katika wilaya nzima ambaye hakuwa na ruhusa ya kutia petroli tupu kwenye gari lake, mtu huyo alikuwa Verlyn Haverkamp. Wengine wangesamehewa. Mchungaji angesamehewa, maana alikuja juzi tu kutoka Minnesota na bado alikuwa anajifunza mambo ya watu. Mwalimu wa muziki naye angesamehewa, kwa kuwa hakuna aliyemtegemea kujua lolote la magari. Lakini Verlyn ndiye aliyezunguka jikoni kwa watu mwaka ule bei ya mahindi iliposhuka mpaka watu wakawa wanayachoma kwenye majiko ya kupashia nyumba joto. Alikunywa kahawa ya kila mama, akala keki ya kila mama, akawashawishi wakulima waweke akiba zao pamoja wajenge kiwanda cha kugeuza mahindi kuwa mafuta ya gari.

"Tutayalima wenyewe, tutayapika wenyewe, na tutayaendesha wenyewe," alikuwa akisema, akipiga meza kwa kiganja mpaka vijiko vinalia.

Kiwanda kikajengwa, na bomba lake la moshi likaonekana kutoka kila shamba. Kwenye kituo cha mafuta cha ushirika wa wakulima ikawekwa pampu yenye mkono wa manjano, ambayo mafuta yake ni ethanoli, yaani hayo mafuta ya mahindi, kwa sehemu kubwa na petroli kidogo tu. Kila mwenye hisa alijua bila kuambiwa kwamba mkono wake ni ule wa manjano. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Lakini mwenye hisa akishika mkono mweusi, wa petroli tupu, ilikuwa sawa na mfuga ng'ombe kukutwa dukani akinunua maziwa ya unga. Verlyn alikwenda mbali kuliko wote. Kwenye kioo cha nyuma cha pikapu yake nyeupe alibandika maandishi makubwa: HII INAKULA MAHINDI.

Basi mtu huyohuyo, tangu mwisho wa Februari, alikuwa akiendesha hadi wilaya ya pili, kwenye kituo kilicho njia panda ambapo hakuna aliyemjua, kutia petroli tupu. Kabla ya kushuka alikuwa akivua kofia yenye jina la kiwanda na kuisukuma chini ya kiti. Aliegesha gari kinyumenyume ukutani ili maandishi yale yasionekane. Alisimama pale na umri wake wa miaka sabini na kitu, mgongo kwa barabara, kama kijana anayevuta sigara nyuma ya shule, na kila mara alijionea kinyaa. Kisha alijaza tanki, akarudi nyumbani kwa njia ndefu.

Ilianza kwa kosa, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Watu wa Iowa wanajua kwamba mafuta ya mahindi hayapendani na baridi. Ethanoli ikipoa sana inagoma kushika moto, ndiyo maana majira ya baridi yakikaribia vituo hupunguza ethanoli na kuongeza petroli, na mtu mwenye akili timamu humaliza mafuta ya kiangazi kabla theluji haijaanguka. Verlyn alikuwa amewahubiria wenzake jambo hilo mpaka wakachoka kumsikia. Halafu yeye mwenyewe, Septemba, akajaza tanki la shambani kwake mchanganyiko wa kiangazi hadi juu, kwa sababu lori la ushirika lilikuwa linapita na tanki lilikuwa tupu. Akasahau. Pikapu ikawa inanywa humo wiki baada ya wiki. Desemba haikuwa kali, Januari ikapita vivyo hivyo. Februari ikaja na baridi ya kupasua miti.

Arlys, mkewe, figo zake zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki ilibidi apelekwe mjini kusafishwa damu, na miadi ya namna ile haichezewi. Gari lake dogo walikuwa wameshaliuza tangu alipoacha kuendesha. Asubuhi ile alikaa jikoni amevaa koti na kofia ya sufu, mfuko wa kazi yake ya kufuma mapajani, akisubiri kuitwa. Nje, Verlyn alikuwa anageuza ufunguo. Injini ilizunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Akageuza tena. Alipogeuza kwa mara ambayo hakutaka tena kuihesabu, akakumbuka lori la Septemba, na jasho likamtoka katika baridi ile.

Arlys hakumngoja aingie. Alimpigia simu Marvin Tjaden, jirani wa ng'ambo ya barabara, na Marvin akaja na pikapu yake kuukuu yenye mlango mmoja wa rangi nyingine.

"Imekuwaje?" Marvin aliuliza dirishani.

"Betri," akasema Verlyn.

Marvin akainua pua kidogo. Injini ya mafuta ya mahindi ikipigwa stata muda mrefu bila kuwaka, ua mzima hunuka kama chumba cha kupikia pombe. "Nina waya za kubusti hapa nyuma."

"Mpeleke Arlys kwanza. Atachelewa."

"Haya," Marvin akasema. "Betri." Akamsaidia Arlys kupanda, akaondoka.

Hapo inabidi mjue Marvin alikuwa nani kwa Verlyn. Zamani, kiwanda kikiwa kichanga, wenye hisa walikutana ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, na Verlyn akasimama akasema kuna mtu humu ndani ana mahindi mfukoni na Texas kwenye tanki. Texas ndiko petroli inakochimbwa, kila mtu alielewa. Jina hakulitaja. Aligeuza tu shingo akamkazia macho Marvin, na ukumbi mzima ukageuza shingo pamoja naye. Marvin alijaribu kueleza kwamba gari lake ni la kizamani, kwamba ethanoli inakula mipira yake, kwamba fundi amemkataza. Nani alikuwa na muda wa kumsikiliza? Watu walikuwa wanacheka. Tangu siku ile jina lake likawa Texas. Kila asubuhi kwenye meza ya kahawa ya ushirika ilikuwa ni, "Texas, visima vimetoa leo?" na "Texas, pipa ni bei gani?" Baadaye alipata pikapu inayoweza kunywa mafuta yoyote, ile yenye mlango wa rangi nyingine, lakini akaendelea na petroli tupu kwa ukaidi, na mimi simlaumu. Verlyn ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote, mpaka anajipangusa machozi.

Kwa hiyo baada ya asubuhi ile ya Februari, Verlyn alikwenda kwenye meza ya kahawa roho mkononi. Alijua Marvin ana haki ya kummaliza. Neno moja tu lingetosha, kwamba jamani, gari la Verlyn limekataa mahindi. Marvin akakoroga kahawa yake, akaongea habari za bei ya nguruwe. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Verlyn aliona afadhali angesema, yaishe.

Angeweza kuitangaza aibu ile mwenyewe, na angeweza pia kutia mchanganyiko wa baridi kutoka ushirika na mambo yakaenda sawa. Hilo alilijua vizuri. Lakini kila alipokaribia mkono wa manjano alimwona Arlys jikoni na koti lake, akingoja kuitwa, na mkono wake ukawa mzito. Mtu aliyeogopa hana hoja. Akajiambia atatia petroli tupu mpaka theluji iyeyuke tu. Theluji ikayeyuka, mahindi yakapandwa, yakafika magotini, yakampita kimo, na Verlyn bado alikuwa anavua kofia kule njia panda. Hofu ilikwisha kuondoka zamani. Kilichobaki ni uongo wenyewe, na uongo ukishazoea nyumba hautoki kwa hiari yake. Arlys hakumwuliza kitu. Alipanda gari, akashuka, akasema asante.

Agosti kiwanda kilitimiza miaka ishirini na mitano. Ushirika ukasimamisha hema kubwa uani kwake, masufuria makubwa ya mahindi mabichi yakawekwa motoni, siagi ikayeyushwa kwenye ndoo, na akina mama wakaleta saladi ya viazi na keki za kila aina. Wilaya yote ilikuwa pale. Marvin alikuja na binti yake, Janelle, aliyefika kutoka Des Moines na mchumba wake ili kumtambulisha kwa baba. Kijana alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri na alimpa kila mtu mkono mara mbili.

Aliyeshika kipaza sauti ni Todd Brekke, meneja wa ushirika, mtu ambaye ukimpa kipaza sauti umempa chakula. Mbele yake kulikuwa na meza, na juu ya meza chupa za kioo zenye maji aliyoyatia rangi ya kijani. Kila chupa ilichorwa mstari mweusi pale maji yalipoishia.

"Mchezo ni rahisi," Todd akasema. "Namimina mafuta ya gari juu ya maji, natikisa, naacha yatulie. Ethanoli inapenda maji kuliko inavyopenda petroli. Itaiacha petroli, itashuka kwa maji, na kijani kitapanda juu ya mstari. Kisipopanda, ndugu zangu, hakuna mahindi ndani."

Alijaribu na mafuta ya mkono wa manjano. Kijani kikapanda karibu kujaza chupa, watu wakapiga makofi. Kisha akasema, "Sasa tupate ya Texas," na watu wakaanza kucheka kabla hata fundi wa ushirika hajafungua boneti ya Marvin. Chupa ikatikiswa. Kijani kikatulia pale pale kwenye mstari, na petroli ikakaa juu yake kama bwana. Hema lilitikisika kwa kicheko. Marvin akainua mkono kama mtu anayekubali tuzo. Mchumba wa Janelle alimwinamia akauliza kitu sikioni, pengine kwamba Texas ni nani, na Janelle akatazama sahani yake.

"Na sasa," Todd akasema, "mwanzilishi wetu hana habari, lakini kamati imeamua. Tupime mafuta ya Verlyn Haverkamp!"

Verlyn alikuwa na hindi mdomoni. Alitazama upande wa gari lake, akitafuta pa kukimbilia, lakini funguo zilikuwa zinaning'inia pale pale kwenye gari kama funguo za kila mtu wa kule, boneti ilikuwa imeshafunguliwa, na fundi alikuwa anarudi na kikombe cha mafuta akitabasamu. Mtu akampiga Verlyn begani. Mwingine akasema chupa hii iwekwe kanisani. Todd akamimina, akatikisa kwa madaha, akaiinua juu kila mtu aone.

Kijani kilitulia kwenye mstari. Hakikuuvuka hata kwa unene wa unywele.

Todd akatikisa tena. Wakangoja. Hema zima liliinama mbele kidogo, na mtu mmoja akasema huenda chupa ina kasoro. Verlyn aliwaona wote: wale aliokunywa kahawa jikoni kwao, wale waliouza ng'ombe wapate hisa kwa sababu yeye amesema, na watoto wao ambao sasa wana mvi. Hakuna aliyekuwa amekasirika bado. Walikuwa wanamtazama kwa upole, wakingoja aeleze, kwa sababu hawakuwa na shaka kwamba maelezo yapo. Aibu ilimvaa kuanzia miguuni.

"Hiyo ni yangu," sauti ikasema.

Marvin alikuwa amesimama, sahani mkononi.

"Nini yako?" Todd akauliza.

"Petroli. Niliazima gari la Verlyn Alhamisi, langu lilikuwa na pancha, nikaenda kuchukua mabati. Taa ya tanki ilikuwa inawaka. Sasa, gari la mtu unalirudisha limejaa, au vipi? Nikalijaza. Nimejaza ninachojaza siku zote."

Kicheko kikalipuka kuliko cha kwanza. Ni kweli kule ukiazima gari la jirani unalirudisha tanki limejaa, hata mtoto anajua, na ni Marvin peke yake ambaye angelipa wema kwa petroli tupu. "Texas, umemtilia Verlyn sumu!" "Mzee mzima huna aibu!" "Mfungieni gari, atachimba kisima uani!" Watu walipigana mabegani. Mchumba wa Janelle naye sasa alikuwa anacheka, maana alikuwa ameshaelezwa. Marvin akavua kofia, akainama kama mwigizaji jukwaani.

Na Verlyn alicheka. Hilo ndilo lililomkaa moyoni kuliko chupa yenyewe. Alikuwa amevutwa kutoka shimoni, na kabla hajapumua akacheka pamoja nao, kwa kicheko chake kile kile cha siku zote, akimcheka aliyemvuta.

Alimfuata Marvin nyuma ya hema, kwenye masufuria.

"Marvin."

"Mahindi yametoka matamu mwaka huu," Marvin akasema bila kugeuka.

"Kwa nini umefanya vile?"

Marvin akachovya hindi kwenye siagi, akaliacha lichuruzike. "Arlys alikuja kwangu Jumatano. Kwa miguu, Verlyn. Na miguu yake ilivyovimba, alivuka barabara ile peke yake. Mke wa Todd alikuwa amemwambia watakushtukiza na chupa. Akaniomba niseme niliazima gari."

"Arlys anajua?"

"Bwana wewe, umelala na mwanamke miaka yote hiyo unadhani hajui moshi wa gari lako unanukaje? Anajua tangu Machi. Alikuwa anangoja umwambie."

Verlyn akashika ukingo wa meza. "Na wewe ukakubali. Mimi nilivyokutenda, bado ukakubali."

"Sikukubali kwa ajili yako, usijipe ukubwa. Alilia jikoni kwangu. Nimfukuze?" Marvin akauma hindi, akatafuna polepole. "Tena kwangu haiongezi kitu. Mimi ni Texas tayari." Akafuta siagi kidevuni. "Ila leo ningependa Janelle asingekuwepo. Yule kijana ameniuliza kama nililipishwa faini."

Verlyn alirudi ndani ya hema, akapita katikati ya viti, akapanda jukwaani na kumnyang'anya Todd kipaza sauti.

"Marvin hakuazima gari langu," akasema. "Petroli ile nimeitia mimi. Naitia tangu Februari. Naendesha hadi wilaya ya pili nisionekane. Niliwatukana wengine kwa jambo hilo, na mimi nalifanya kwa kujificha. Msimcheke yeye. Nichekeni mimi."

Alingoja. Alikuwa tayari kwa lolote, na alikuwa na kiu ya hilo lolote, kama mtu aliyebeba gunia la mbegu mbali anavyotamani mahali pa kulitua.

Mama mmoja mbele akaweka mkono kifuani. "Jamani, Verlyn," akasema kwa huruma.

"Mnamwona mtu huyu?" Todd akasema, akimkumbatia mabega. "Mnamwona? Hataki hata Texas achekwe peke yake! Anataka kumbebea mzigo!"

Makofi yakaanza nyuma, yakaja mbele. Watu wakasimama. Verlyn akapaza sauti kwamba anasema kweli, na kadiri alivyopaza ndivyo walivyozidi kupiga makofi, kwa sababu uso wake ulikuwa mwekundu na macho yamelowa, na walimpenda hivyo. Kutoka kwenye kiti chake Marvin alimtazama, akatikisa kichwa polepole kumwambia akae. Verlyn akaelewa kwamba anazidi kumharibia. Sasa Marvin hakuwa tu mtu aliyetia petroli kwenye gari la watu. Alikuwa mtu aliyemwacha rafiki yake mwema aseme uongo kwa ajili yake.

"Muulizeni Arlys!" Verlyn akasema. "Hamniamini mimi, muulizeni Arlys!"

Hapo kelele zikapungua. Arlys hakuwa mtu wa uongo. Aliwahi kumsimamisha mchungaji katikati ya matangazo kumsahihisha kwamba maua ya madhabahuni hakuyaleta yeye Arlys, aliyaleta mama mwingine. Neno la Arlys lilikuwa neno. Alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti cha kukunja, nguo ya kufuma mapajani, na shingo zote zikageuka kwake kama zilivyogeuka siku ile kwa Marvin.

"Haya mama," Todd akasema akicheka. "Tuondolee shaka. Mzee huyu anatia nini?"

Arlys alimtazama mumewe. Alimtazama muda mrefu kuliko watu walivyozoea, na Verlyn akamwitikia kwa kichwa, akimwomba. Kisha akatazama watu.

"Verlyn mnamjua," akasema. "Akimwonea mtu huruma hajui pa kuishia. Gari lile halijawahi kunywa kitu ila mahindi, mpaka hiyo Alhamisi. Endeleeni kula, chakula kinapoa."

Kicheko na makofi vikachanganyika. Todd akarudishiwa kipaza sauti chake. Marvin aliinuka, akaweka sahani yake, akawaambia Janelle na mchumba wake kwamba ni vizuri waondoke mapema kabla ya foleni ya kutoka uani. Arlys alirudi kufuma, lakini sindano zilikuwa zinagongana bila kushika uzi.

Njiani kurudi nyumbani walifika kwenye kona ya mashamba yao.

"Kwa nini?" Verlyn akauliza.

"Ulitaka niseme nini? Kwamba mume wangu amewadanganya watu tangu Februari?"

"Ndiyo."

"Basi ungeniambia mimi kwanza, jikoni, tukiwa wawili. Nilikungoja, Verlyn. Kila ulipovaa kofia nilikungoja. Hukuniambia mimi, ukaja kunivua nguo mbele ya watu wote." Alikuwa anatazama nje, kwenye mahindi. "Nilishakwenda kumwomba Marvin achafuke kwa ajili yetu. Ningemgeuka vipi pale pale?"

"Nitarudia kuwaambia. Mmoja mmoja, hata nikienda nyumba kwa nyumba."

"Waambie. Watakupa na medali."

Jumapili watu walimpa Verlyn mkono mlangoni mwa kanisa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na neno zuri la kumwambia kuhusu moyo wake. Marvin hakuja. Verlyn alijaribu kuwaeleza wawili watatu, wakamkata kauli kwa kumpapasa bega. Wakati wa ushirika mtakatifu ulipofika, watu wakainuka benchi baada ya benchi kwenda mbele kupokea mkate na divai, na benchi lao lilipofikiwa Verlyn akasimama, akasogea kumpisha Arlys atangulie kama siku zote.

Arlys hakuinuka. Alibaki amekaa, mkoba mapajani, macho kwenye mgongo wa benchi la mbele. Katika ndoa yao yote Verlyn hakuwahi kumwona akibaki, hata wiki aliyomzika mama yake. Akajikuta anatembea peke yake kwenye njia ya katikati. Alifika mbele ya mchungaji, akajaribu kukinga viganja, vikakataa kufunguka. Akageuka, akarudi njia nzima huku watu wote wakimtazama, akakaa karibu na mkewe. Alinyoosha mkono ashike mkono wake, na Arlys akauhamishia mkoba upande mwingine.

Kwenye benchi la nyuma mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba tazama, Arlys leo hajisikii vizuri, na yule mzee amerudi kutoka mbele asimwache peke yake. Mwenzake akasema wanaume wa namna ile hawazaliwi tena. Verlyn alisikia kila neno.